Bisibisi na Mlio wa Sitini

Jina alilopewa na mama yake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Mtaa mzima ulimwita Bisibisi, na hata wauza spea waliandika hivyo kwenye risiti. Alikuwa mwembamba kweli, lakini jina halikutokana na wembamba. Gari likiletwa linalia, hakuuliza maswali mengi. Alichukua bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao, akagusisha ncha kwenye injini, mpini akaubana kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho. Wateja walinyamaza kama watu waliokuja kumwona mgonjwa. Akifumbua macho, alitaja ugonjwa. Kwa miaka thelathini alikuwa akitaja, na mara nyingi alipatia.

Karakana yake ilikuwa nusu ya uwanja ulioezekwa mabati. Nusu ya pili ilikuwa ya fundi bodi aliyeitwa Nyundo, mtu wa kifua kipana na mdomo usio na mlango. Mmoja alisikiliza vyuma kimyakimya, mwenzake alivinyoosha kwa kishindo, na ugomvi wao ulikuwa wa kila siku.

"Leo usigonge mpaka saa nne, nina mgonjwa," Bisibisi alisema.

"Na wangu kavunjika mbavu. Nimwambie asubiri wako atoke?"

Jumatatu moja Bisibisi alifunga giaboksi ya mtumba kwenye gari la mkunga wa zahanati. Ile ya zamani ilikuwa imekwisha: gia ya tatu ilianza kuchomoka yenyewe, mwisho meno yakasagika kabisa. Muuza spea aliapa kwa vidole viwili kwamba hii haijaguswa na mkono wa fundi tangu itoke kiwandani. Bisibisi akaizungusha kwa mkono, akaisikiliza, akaridhika. Akaifunga, akajaza mafuta mapya ya gia, akalipandisha gari kwenye stendi, magurudumu yakazunguka hewani, bisibisi sikioni: kimya. Akaliendesha mpaka kona ya duka la dawa na kurudi. Ndivyo alivyojaribu kila gari. Barabara kuu ilikuwa mbali, foleni ilikuwa ndefu, na mafuta ni ya mteja.

Jumanne asubuhi mkunga alirudi. Hakuzima injini.

"Fundi, gari linaimba."

"Linaimba nini tena, mama?"

"Wimbo wa msibani. Nikifika sitini, nikiachia mafuta, linaanza: uuuuuu. Nikikanyaga, linanyamaza. Nikiachia, uuuuuu."

Bisibisi alitabasamu lile tabasamu ambalo mafundi huwawekea wateja. "Nililijaribu mwenyewe, mama. Lilikuwa kimya kama maji ya mtungini. Pengine matairi. Wakati mwingine mtu akibadilishiwa kitu kwenye gari, masikio nayo yanaanza kutafuta..."

"Ishia hapo." Mkunga alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamuru, na miaka ya kuwaamuru watu katika saa zao ngumu ilikuwa imemwondolea aibu ya kukatiza mtu. "Nimepokea watoto zaidi ya elfu mbili. Mtoto akilia, simwambii mama yake kwamba masikio yake mabovu. Namgeuza mtoto mpaka nijue. Panda."

"Panda baba," Nyundo akapiga kelele toka chini ya mlango wa lori. "Umeitwa leba!"

Walivuka foleni, wakaingia barabara kuu. Mkunga aliendesha, Bisibisi akakaa kando, dirisha wazi. Mshale ukafika sitini. Mkunga akainua mguu.

Uuuuuu.

Bisibisi akakaa wima. Haukuwa mlio mkubwa. Ulikuwa mwembamba, unashuka polepole kadiri gari lilivyopungua mwendo, kama mtu anayelia huku akitembea kwenda mbali. Hakuna shaka ulikuwepo. Tabasamu lake likamrudia mwenyewe likiwa na ladha mbaya.

"Rudia, mama."

Akarudia. Bisibisi akaanza kuugeuza ule mlio. Akamwomba ayumbe kidogo kushoto, kisha kulia, barabara ikiwa tupu. Beringi ya gurudumu ikiwa mbovu, mlio hubadilika uzito ukihamia upande wake. Haukubadilika. Akamwambia akanyage klachi, injini iachane na giaboksi. Mlio ukaendelea, basi si klachi, wala si shafti ya mbele. Akamwambia aweke gia ya tatu, kisha ya nne, kwa mwendo uleule. Mlio ukabaki na sauti ileile. Ulifuata magurudumu, haukujali gia wala injini. Kikabaki kitu kimoja.

"Difu," akasema. "Lile gia kubwa ndani ya giaboksi linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili. Limelegea kwenye beringi zake. Ukikanyaga mafuta linasukumwa upande mmoja, linatulia. Ukiachia, linarudi upande wa pili, linapiga kelele. Kwenye stendi huwezi kusikia, kwa sababu halina mzigo."

Alilisema hilo la mwisho kwa kiburi kidogo, kama mwalimu anayemaliza somo. Hakulisikia alilolisema.

"Yaani giaboksi uliyonifungia ni mbovu."

"Imefunguliwa, mama. Mtu ameifungua akaifunga ovyo. Nipe mpaka Ijumaa."

Siku ile yote, akishusha giaboksi, alimtukana fundi asiyemjua. Mchinjaji. Mtu wa kukamata spana kama anakamata mwiko. Watu wa namna hiyo ndio wanaotuharibia kazi.

"Ungemwona ungemfanya nini?" Nyundo akamchokoza.

"Ningemnyang'anya boksi la spana nikampa jembe."

"Na shamba je, utampa?"

Jumatano kabla ya saa sita akaipasua giaboksi juu ya meza ya bati. Akanyanyua difu kwa mikono miwili, nzito, inadondosha mafuta, akaigeuza kwenye mwanga. Boliti kumi zilizoshika gia kubwa zilikuwa na kitu kwenye vichwa. Akafuta kwa kitambaa. Kila kichwa kilikuwa na tone dogo jekundu lililofifia likaelekea rangi ya kutu.

Rangi ya kucha.

Bisibisi ndiye aliyekuwa akiweka tone la rangi ya kucha kwenye kila boliti akishaikaza, asije akaisahau. Aliiba chupa kwenye meza ya mkewe. Hakuwa amemwona fundi mwingine akifanya hivyo. Lakini dunia ni pana, akajiambia, na kucha ni nyingi.

Akageukia ganda la giaboksi. Beringi ya difu hukaa kwenye kikombe cha chuma, na nyuma ya kikombe huwekwa washa nyembamba kama karatasi. Unene wake ndio unaoamua kama difu itabanwa sawasawa au itacheza. Akang'oa kikombe. Washa ikatoka nacho, ikaanguka mezani bila mlio wa chuma. Ilianguka kama kifuniko cha chupa.

Haikuwa ya kiwandani. Ilikuwa imekatwa kwa mkasi kutoka kwenye bati la kopo, ukingo wake una vijipembe vidogo vya mkono uliokuwa na haraka. Upande mmoja ulikuwa umesagika ukang'aa. Upande wa pili, chini ya mafuta, palikuwa na picha. Kifaranga cha bata cha manjano, kimekatika katikati. Kimebaki na jicho, mdomo na bawa moja.

Bisibisi alishika ukingo wa meza. Nyundo alimwona akiinama akadhani amejikata, akaja mbio.

"Umeumia?"

Bisibisi aliendelea kuitazama ile picha.

"Wewe! Damu iko wapi?"

"Mchinjaji," Bisibisi akasema. "Yule mchinjaji. Ni mimi."

Nyundo akatazama kile kipande cha bati, akamtazama mwenzake, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mbili ya ujirani akamvutia kiti.

Bisibisi alinawa mikono, akampigia simu muuza spea. Hakufoka. Aliuliza tu giaboksi ilitoka kwenye gari gani.

"Fundi, nilikwambia haijagu..."

"Gari gani?"

"Dogo, la buluu. Lilikuja limeshakufa, wenyewe wamelipitisha mikono mitatu, minne. Kioo cha nyuma kilikuwa na stika ya jedwali la kuzidisha. Tulicheka sana."

Bisibisi aliijua stika ile. Alikuwapo ilipobandikwa.

Gari lilikuwa la kaka yake, mkubwa wake kwa miaka minne, mwalimu wa hesabu. Miaka saba iliyopita kaka alileta gari difu ikivuja mafuta. Washa ya kiwandani ilikuwa imepinda, mpya ingechukua wiki mbili kufika, na kaka alikuwa na safari ya kusimamia mitihani. Bisibisi alikata washa kwenye kopo la maziwa ya kitinda mimba wake, akipima kwa kucha na jicho, akanuia kuibadilisha baadaye. Baadaye haikuja.

Kaka alirudi baada ya mwezi: gari linalia. Bisibisi akalipandisha kwenye stendi, akasikiliza, kimya. Akarudi tena. Stendi, kona ya duka la dawa, kimya. Mara ya tatu ilikuwa Jumamosi, karakana imejaa watu, na Bisibisi alikuwa amechoka, na watu walikuwa wanatazama.

"Kaka," alisema kwa sauti ya kusikika, "gari hili halilii. Kinacholia ni masikio yako. Yastaafishe kabla hayajakustaafisha wewe."

Watu walicheka sana. Kaka hakucheka wala hakukasirika. Alitikisa kichwa polepole, kama mwanafunzi aliyeonyeshwa alipokosea, akaingia kwenye gari akaondoka. Hakurudi tena. Tangu hapo walikutana misibani, wakapeana ncha za vidole, kila mmoja akaenda kwenye kiti chake. Bisibisi aliwaambia watu kwamba kaka amenuna. Mwacheni, akinuna sana atapasuka.

Mchana alikwenda nyumbani. Mkewe alikuwa mezani anapima kitambaa. Bisibisi akaweka washa juu ya kitambaa, akasahau kwamba ina mafuta.

"Wewe, nguo ya watu hii!" Kisha akainama. "Huyu si bata wa kopo la maziwa? La mtoto wetu wa mwisho? Kumbe ndipo ulipompeleka! Mkasi wangu haukukata tena tangu siku ile."

"Ilikuwa ndani ya gari la kaka."

Alimweleza. Mkewe alikaa chini taratibu, mkono mdomoni, na kadiri maneno yalivyokuja mkono ule haukuondoka.

"Nitakwenda kesho," Bisibisi akamaliza.

"Kesho? Kesho ya miaka saba? Vaa shati."

Nyumba ya kaka ilikuwa mwisho wa njia, mlango umefungwa ingawa ilikuwa mchana. Bisibisi hakuwa amefika pale tangu shemeji yake alipofariki. Kaka alifungua, akamtazama, akasogea kando ampishe.

Kitu cha kwanza kilichomgusa Bisibisi, mtu wa masikio, kilikuwa ukimya. Haukuwa ukimya wa mtu anayeishi peke yake. Ukutani palikuwa na alama ya duara iliyokuwa ya saa, saa haipo. Pale penye meza ya redio palikuwa na meza tu. Jikoni pembe ya friji ilikuwa wazi, sakafu ina madoa manne ya miguu yake. Chini ya mlango wa uani palikuwa pamezibwa kwa vitambaa. Hata bawaba za mlango zilipakwa grisi.

"Kaka, vitu vyako vimekwenda wapi?"

"Sema kilichokuleta, mdogo wangu."

Bisibisi akasema. Alikuwa amepanga maneno njiani, na yote yalimwagika. Akasema gari la mkunga, akasema barabara kuu, stendi, mzigo, boliti, bata. Akaweka washa kwenye kiganja cha kaka. "Mlio ulikuwepo. Tangu siku ya kwanza. Wewe ulisikia, mimi sikusikia. Najua umenikasirikia, una haki..."

"Kukukasirikia?"

Kaka alikaa. Alikuwa akiigeuza washa upande huu na upande ule.

"Wewe ni mtu anayesikia beringi ikianza kuumwa kabla haijaumwa. Nilikuletea mara tatu. Mara tatu ukaniambia hakuna kitu. Ningeamini nani, wewe au masikio yangu? Nilikuamini wewe."

"Kaka..."

"Baba alianzaje?"

Baba yao alianza kwa kusikia kengele ya baiskeli. Kila jioni alisikia kengele mlangoni, akasema ni tarishi ana barua, akafungua, hapana mtu. Baadaye akaanza kumfuata tarishi barabarani. Miaka yake miwili ya mwisho wao wawili walimlinda kwa zamu, mmoja analala, mmoja ameshika shati la baba.

"Nilihesabu," kaka akasema. "Baba alikuwa na hamsini na mbili. Mimi nilikuwa na hamsini na moja. Ukisema mlio haupo na mimi nausikia kila siku, nikienda kazini, nikirudi, jawabu ni lipi? Nikaliuza gari nisije nikaua mtoto wa mtu barabarani. Nikaomba kuacha shule, maana sikutaka siku moja nifungue mlango wa darasa kumpokea mtu asiyekuwepo, watoto wananitazama. Saa, redio, friji, nikatoa kila kinacholia, ili nikisikia kitu humu nijue ni mimi. Misibani sikukaa karibu nawe nisije nikakuambia nasikia nini. Ungejua imeanza."

Bisibisi aliitazama ile alama ya saa ukutani. Miaka saba aliita jambo hili kununa.

"Na umesikia kitu?" akauliza mwishowe, kwa woga wa mtoto. "Humu ndani?"

"Hata kimoja. Miaka saba nasubiri." Kaka akainua macho. "Sasa unaniambia ulikuwepo."

"Ulikuwepo."

"Uliniambia haupo, nikaamini. Leo unaniambia upo, niamini tena? Mimi ni mtu wa hesabu. Kuambiwa hakunitoshi. Ifunge ile giaboksi na kopo lako humohumo. Nataka kusikia."

Nyundo aliposikia kwamba Bisibisi anairudisha washa mbovu alikoitoa, alisema mwenzake amerukwa na akili. Lakini alikuja kumshikia jeki, na siku nzima ya Alhamisi hakugonga chochote. Mkunga alipopigiwa simu na kuelezwa yote, aliuliza swali moja.

"Mgonjwa ni gari au ni kaka yako?"

"Wote wawili, mama."

"Basi tunaanza na anayepumua. Lakini naja na mimi. Gari ni langu."

Ijumaa asubuhi walikuwa watatu ndani ya gari: mkunga kiti cha mbele, Bisibisi nyuma, na kaka kwenye usukani, leseni yake ya zamani mfukoni, viganja vinaacha maji kwenye mpira wa usukani. Alipita foleni kwa mwendo wa kobe. Honi zilipigwa nyuma yao, na kila honi kaka alishtuka, akauliza, "Hiyo mmesikia?" Nao wakajibu, "Tumesikia."

Barabara kuu ikafunguka. Arobaini. Hamsini. Mshale ukagusa sitini, kaka akainua mguu.

Uuuuuu.

Kaka akakanyaga, mlio ukakatika. Akaachia, ukarudi. Akakanyaga, akaachia, mara nne, mara tano, kama anayerudia hesabu kwa njia nyingine aone kama jawabu litabadilika. Jawabu halikubadilika. Akawasha taa ya pembeni, akaegesha gari kando ya barabara, akavuta breki ya mkono.

"Mmesikia?"

"Mwalimu," mkunga akasema, "hata ng'ombe wale wamesikia."

Kaka hakucheka. Alishika masikio yake kwa mikono miwili, akayashika taratibu, kama mtu anayepokea vitu vilivyokuwa rehani. Machozi yakamdondoka. Mkunga akatazama dirishani, kwa adabu.

"Nisamehe, kaka," Bisibisi akasema toka nyuma.

Kaka alirudisha mikono kwenye usukani.

"Nilikuwa na darasa," kaka akasema. "Vijana arobaini na watatu. Nilikuwa natembea na wimbo mdomoni. Shemeji yako alikufa akidhani ananiacha nikiwa nusu kichaa. Aliniachia maelekezo ukutani, namna ya kuzima jiko."

"Nisamehe."

"Sijafika huko bado." Kaka akamgeukia. Uso ulikuwa umelowa, lakini macho yalikuwa ya yule kaka wa zamani, aliyekuwa akimrudisha mdogo wake kuchota maji upya kila alipoyamwaga. "Shuka."

"Kaka?"

"Shuka. Utarudi kwa miguu."

"Mwalimu, ni kilomita nane!" mkunga akashtuka.

"Najua. Nimezihesabu."

Bisibisi alishuka bila kuuliza tena, jinsi mdogo anavyoshuka. Gari likaondoka likitupa changarawe, mkunga amegeuka nyuma, mikono hewani, hajui acheke au alie. Likaenda mbali, likawa dogo, na kutoka kule mbali mlio ukaja, ukakatika, ukaja. Kisha likageuza. Likampita upande wa pili wa barabara, linarudi mjini, sitini kamili. Kaka hakumtazama. Dirisha lilikuwa limeshushwa lote, na alikuwa ameinamisha kichwa kidogo, sikio mbele, anaachia mafuta.

Bisibisi akaanza kutembea.